Presha Haijulikani kwa Kuulizwa

Dhana kwamba presha ni ugonjwa wa wenye nacho haikuzuka hivi hivi. Mtafiti anapobisha hodi na kuuliza, "Je, daktari amewahi kukuambia una presha?", katika nchi nyingi zenye kipato kidogo wanaojibu ndiyo huwa zaidi ni wenye fedha na elimu. Lakini ili uambiwe, sharti kwanza ufike kwa daktari, na kufika kunataka nauli, ada na kibarua cha siku nzima kilichopotea. Utafiti wa afya uitwao STEPS, uliofanyika Kenya mwaka 2015, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja. Mtu ambaye hajawahi kupimwa akisema hana presha, methali ya mficha maradhi haimhusu. Hajaficha kitu; hajui.

Mwaka 2002 mwanauchumi Amartya Sen alionyesha jambo hilo kwa mfano wa India. Katika jimbo la Kerala, ambako watu waliishi miaka mingi zaidi, ndiko wengi walikosema ni wagonjwa. Bihar, ambako umri wa kuishi ulikuwa mfupi, waliosema hivyo walikuwa wachache. Elimu na zahanati humfumbua mtu macho akaujua ugonjwa wake. Vifo vikihesabiwa badala ya majibu, picha hubadilika. Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967 miongoni mwa wanaume watumishi wa serikali, ulibaini kuwa wa ngazi za chini walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko wakubwa wao.

Wapo watakaosema mwenye mwili ndiye aujuaye. Kwa maumivu, ni kweli. Lakini presha huweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Wengine watasema hata mashine hukosea, kwani wasiwasi mbele ya daktari hupandisha presha. Ndiyo maana hupimwa zaidi ya mara moja. Tena wasiwasi huo humpata tajiri na maskini, ilhali kosa la kutegemea majibu humfuta maskini kwenye hesabu, na dawa zikigawiwa kwa hesabu hiyo zitawafuata waliokwisha kupimwa. Basi kila takwimu ya presha ieleze kama watu walipimwa au waliulizwa tu, na kipimo kiwafuate watu sokoni, stendi na mashambani kabla bajeti haijapangwa.