Mtoto Naye Afike Mezani

Katika Hosea sura ya 11 Mungu anajieleza kama mzazi. Alimfundisha Efraimu kutembea, akamshika mikono, kisha akainama akamlisha. Mwenye enzi yote hakuona kazi hiyo kuwa ndogo.

Baadhi ya nyumba za huku kwetu Sachangwan sasa zina kile kiti kirefu cha kulishia mtoto, chenye mkanda na kimeza cha mbele. Nimesikia kikiitwa anasa. Sikubali. Mtoto wa miezi 6, aliyeanza kuongezewa chakula juu ya maziwa ya mama, akiketi wima humeza salama kuliko aliyelazwa akinyweshwa uji. Mkanda ufungwe, hasa ule unaopita katikati ya miguu, maana mtoto huteleza chini ya kimeza. Wala asiachwe peke yake. Huweza kuanguka, huweza kukabwa na tonge.

Ila ninachokipendea kiti hiki zaidi ni kimo chake. Macho ya mtoto yanakutana na ya baba. Katika nyumba zetu nyingi baba hupakuliwa kwanza sebuleni, huku mtoto akilishwa waru za kuponda jikoni na dada yake, harakaharaka, vyombo vioshwe. Zaburi ya 128 inawaweka watoto kuizunguka meza ya baba yao.

Hapa tunajua thamani ya mtu anayeketi kulisha. Moto wa lori la mafuta wa Januari 31, 2009 uliua zaidi ya watu 100 kando ya barabara hii yetu ya Nakuru kwenda Eldoret. Waliokuwa wachanga mwaka ule leo ni vijana. Pale mzazi asiporudi, nyanya, awe shosho au kogo, aliyefiwa alishika kijiko, machozi hayajakauka, akamlisha mtoto wa marehemu mapajani mwake.

Basi asiye na uwezo wa kununua kiti asione haya. Mkeka unatosha, mradi nanyi mketi hapo. Akina baba, wiki hii msianze chakula cha jioni kabla ya mtoto. Shikeni kijiko wenyewe, mngoje afungue mdomo, msimlazimishe. Na mwenye kiti kisichomtosha tena mwanawe aliyekua, akilete Jumapili. Tutakiweka pale tunapokunywa chai baada ya ibada, mama mwenye mtoto mdogo asilazimike kwenda kumlishia nje peke yake.