Ndege Hakuniogopa, Yatima Akajikinga Uso



Mwaka 2019 kazi ilinifikisha Ecuador, Amerika ya Kusini. Wenyeji wangu wakanipeleka visiwa vya Galápagos, yapata kilometa 1,000 kutoka pwani ya nchi hiyo, ndani ya bahari ya Pasifiki. Ni visiwa vilivyotokana na volkano. Kwingi utakanyaga mawe meusi ya moto uliopoa, na baadhi ya milima yake hulipuka hadi leo.

Subhanallah! Mijusi wakubwa wa baharini, wasiopatikana kwingine duniani, walilala njiani na sisi ndio tuliowakwepa. Simba bahari walisinzia kwenye mabenchi ya watu. Sheria ya hifadhi inamtaka mgeni akae meta 2 mbali na mnyama, lakini mnyama mwenyewe hana habari na sheria hiyo. Niliposwali Adhuhuri ufukweni, kindege kilitua karibu na mkono wangu nikiwa katika sijda. Nilipoinuka hakikuruka.

Nikawakumbuka njiwa wa Makka. Katika Haram, Mtume (s.a.w.) alikataza kuwinda na hata kumfurusha mnyama. Kiumbe akipewa amani, hofu humtoka.

Lakini historia ya Galápagos inatia simanzi. Katika karne ya 19 wavuvi wa nyangumi waliwakuta huko kobe wakubwa wasiojua kumkimbia mtu. Wakawabeba kwa maelfu na kuwapanga melini wakiwa hai, kwa kuwa kobe hao huweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji, kisha wakawachinja mmoja mmoja baharini. Mwaka 2012 alikufa kobe wa mwisho wa kisiwa cha Pinta, aliyeitwa Lonesome George, na aina yake ikaishia hapo. Kobe wale walikuwa na kosa gani, zaidi ya kutotuogopa?

Allah (s.w.) anatufundisha katika Suratul An'aam, aya ya 38, kwamba wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Mtume (s.a.w.) naye alitueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa. Kiumbe asiyekuogopa amekukabidhi amana, na amana ina hesabu yake.

Sasa niseme langu. Niliporudi nyumbani, mtoto wa marehemu kaka yangu, ninayemlea, alikuja kunipokea begi. Nikanyoosha mkono nimshike kichwa. Akajikinga uso.

Nilibaki nimesimama mlangoni. Ndege wa ng'ambo asiyenijua hakuniogopa. Yatima wa nyumbani kwangu, anayenijua vizuri, aliniogopa. Nikamwomba radhi, lakini hofu iliyojengwa kwa miaka haikuondoka kwa neno moja. Ilichukua miezi mingi kabla hajaanza kuukaribia mkono wangu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu ni yule ambaye wenzake wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Basi ndugu yangu, leo jioni ukibisha hodi nyumbani kwako, tazama: walio ndani wanakusogelea, au wanatawanyika?

Wabillahi tawfiq.