Ribiti Isiyoonekana

Huko Marekani wapo watu wanaojiundia ndege nyumbani. Hununua vipande kutoka kiwandani, kisha huviunga kwa ribiti jioni baada ya kazi, pengine kwa miaka kadhaa. Ndege ikikamilika hukaguliwa, halafu hurushwa kwa majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40, bila abiria. Hata baada ya hapo sheria yataka kiwepo kibao cha kumwonya abiria kwamba ndege hiyo haikuundwa kwa kufuata kanuni za usalama za ndege za kawaida.

Je, kibao hicho chamwondolea mwundaji lawama? Twaona sivyo. Abiria aweza kukisoma kibao, lakini hawezi kuona ndani ya bawa. Bawa likishafungwa, ribiti iliyopinda aijua aliyeipiga peke yake. Abiria akikubali kupanda, amekubali hatari aliyoelezwa. Hakukubali uvivu aliofichwa. Ribiti mbovu yaweza kutobolewa na kutiwa nyingine, nayo ni kazi ya dakika chache tu.

Sisi hatuundi ndege, lakini twajenga vyumba vya kupangisha, twatengeneza breki za magari, twapika vyakula vya harusi. Mara nyingi twajitetea kwa kusema, “Nilimwambia mapema.” Kuonya ni wajibu wetu, lakini onyo halishiki mahali pa kazi njema. Mwenzetu akituamini kwa asichokiona, hapo ndipo yatupasa kuangalia mara mbili.