Unapobishana na Mtu Usiyemjua



Kuna jambo tunalifanya karibu kila siku, na ni wachache wanaolikumbuka wakiwa kwenye foleni ya kitubio. Kubishana mtandaoni. Dini na siasa, na watu ambao hatujawahi kuwaona. Jina la akaunti ni la kubuni, picha ni ya mchezaji wa mpira, na wewe saa sita usiku umelala chali, bando linakaribia kukata, bado unaandika tu: "Huyu leo simwachi."

Sijaja kuwaambia msibishane. Paulo alipokuwa Efeso alihojiana na watu kila siku katika ukumbi wa Tirano kwa miaka miwili (Mdo 19), na kikao cha mitume kule Yerusalemu kilianza kwa mabishano makali (Mdo 15). Petro naye anatutaka tuwe tayari kumjibu yeyote anayetuuliza sababu ya tumaini letu (1 Pet 3:15). Vijana wa utetezi wa imani wanaujua mstari huo kuliko namba zao za simu. Ila wengi wanaukata katikati, maana Petro hakuishia kwenye kujibu. Anadai na upole, na heshima, na dhamiri safi, na sehemu hiyo sijawahi kuiona ikibandikwa kwenye grupu.

Swali langu leo ni dogo tu: yule mtu wa upande wa pili unamfanyia nini?

Tuanzie nyumbani, Temeke. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Kilwa unapita Kurasini, unafika Mtoni, unapita Mtongani, halafu Mbagala. Anayepanda gari la Rangi Tatu anaijua njia hii hata akisinzia. Mtoni ipo katikati, na pande zake zote mbili kuna jambo la kutufundisha.

Upande wa Mbagala ni Oktoba 2012. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Watoto wawili, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, walibishana kuhusu msahafu. Kwa habari zilizotolewa wakati ule, ubishi ulikuwa juu ya kitakachompata mtu akiudhalilisha, kwamba atapatwa na balaa, ageuke hata nyoka. Yule Mkristo akajaribu. Akaukojolea. Habari ikatembea, na Ijumaa ya tarehe 12 umati ukaenda kituo cha polisi kudai mtoto atolewe. Polisi hawakumtoa. Mabomu ya machozi yakapigwa, na hasira ikageukia makanisa. Kadhaa yalivunjwa na kuchomwa moto. Rais Kikwete alifika mwenyewe kuyaona.

Mara nyingi tukisimulia habari hii tunasimulia makanisa tu. Mimi huwa nakwama kwa wale watoto. Mtoto hatungi ubishi wa namna ile peke yake. Naamini aliuokota mahali, kwa wakubwa, kwenye mizaha yetu juu ya dini ya jirani, kwenye kanda za mihadhara ambako mhubiri wa upande huu anakichambua kitabu cha upande ule na watu wanashangilia kama wapo uwanjani. Sisi tunacheka, tunaendelea na maisha. Mtoto anachukua kwa uzito, anaenda kupima. Na waliolipa hawakuwa waliobishana. Mama wa kwaya aliyekuta madhabahu majivu hakuwa na neno hata moja katika ubishi ule. Wala yule Mwislamu wa Mbagala aliyekuwa dukani kwake siku ile, ambaye tangu hapo majirani wakaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Upande wa pili, Kurasini, ni 2023. Pale ndipo yalipo makao ya Baraza la Maaskofu, TEC, na bandari haiko mbali. Juni mwaka ule Bunge liliridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, ambayo wengi tuliyaita kwa kifupi "mkataba wa DP World". Tarehe 18 Agosti maaskofu wakatoa tamko la kuupinga, likasomwa makanisani. Katika hilo mimi nipo upande wa maaskofu wangu, sifichi. Lakini mlikumbuka kuangalia kilichotokea kwenye simu zetu? Hoja ya mkataba, muda wake, kipengele kipi kinasema nini, ilizimika mapema sana. Likabaki swali moja: huyu ni dini gani? Anayepinga akaitwa mdini anayemchukia Rais kwa sababu ni Mwislamu. Anayeunga mkono akaitwa chawa, buku saba, kanunuliwa na Waarabu. Walikuwepo Waislamu walioupinga mkataba na Wakatoliki walioukubali, na hao walitukanwa na pande zote mbili.

Na pale Mtoni kulikuwa na watu waliokuwa na swali lao la kweli kabisa. Kuli. Dereva wa lori la makontena. Kijana wa ofisi ya wakala wa forodha mwenye mtoto mchanga. Swali lao lilikuwa: kazi yangu itakuwepo? Hawakujibiwa na mtu. Tulikuwa bize tunaitana majina.

Sasa fungua Injili ya Yohane, sura ya nne. Mnaijua, mmeisikia Kwaresima. Yesu amechoka, amekaa kisimani, saa sita mchana, anakuja mwanamke Msamaria kuteka maji. Tumezoea kuihubiri kama habari ya toba ya mwanamke. Leo isomeni kama habari ya watu wawili wasiojuana ambao wanaishia kuzungumza dini na siasa, maana ndicho kilichotokea. Wayahudi na Wasamaria waligombana kuhusu mahali pa kuabudu, Yerusalemu au mlima Gerizimu. Na ugomvi haukuwa wa vitabu peke yake: zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo, mtawala wa Kiyahudi Yohane Hirkano alibomoa hekalu la Wasamaria juu ya mlima ule. Kwa hiyo mwanamke anapotaja mlima wa baba zake, anautaja huku wanauona pale juu, na nyumba ya ibada ya watu wake ilivunjwa na watu wa kabila la huyu anayezungumza naye. Mtu wa Mbagala anaelewa hapo bila kuhitaji shahada ya Maandiko.

Yesu anaanzaje? Anaomba maji. Hana ndoo, hana kamba, anamhitaji yule mgeni kwa kitu halisi. Sisi huku tunajua, siku bomba limekauka unabisha hodi kwa jirani na dumu mkononi, huanzi na mada ya Utatu Mtakatifu. Mtandaoni kuomba maji ni kuuliza swali ambalo kweli hulijui jibu lake. "Ninyi mkisema hivi, mnamaanisha nini?" "Wewe kwa nini unaona mkataba huu utatusaidia?" Halafu unasoma jibu mpaka mwisho.

Kitu cha pili ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Yesu alijua maisha yote ya yule mama. Waume watano, na aliyenaye sasa si wake. Kwa lugha yetu, alikuwa na skrinshoti zote. Na tazameni mpangilio wa mazungumzo: habari za waume zinatajwa kwanza, ndipo mwanamke analeta swali la mlima. Hapo ndipo mimi na wewe tungemmaliza. "Wewe mwenye waume watano ndio unataka kunifundisha ibada?" Komenti moja tu, watu mia tatu wanacheka, mjadala umefungwa. Yesu hakufanya hivyo. Alilichukua swali lake kama swali, akalijibu kwa uzito wote, na kwa huyo mwanamke akatoa fundisho juu ya kumwabudu Baba katika roho na kweli, fundisho ambalo Kanisa mpaka leo halijamaliza kulitafakari.

Wapo wahubiri wanaosema mwanamke alileta habari za mlima ili kukwepa. Inawezekana. Hata kama alikwepa, Yesu alimjibu.

Tena hakupaka mafuta. Alimwambia wazi kwamba Wasamaria wanaabudu wasichokijua na kwamba wokovu umetoka kwa Wayahudi. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani upole ni kukubali kila kitu, kila dini sawa tu, tuachane nayo. Hapana. Kristo alitofautiana naye katika hoja na hakugusa heshima yake.

Huku kwetu seminarini, ukisoma falsafa unakutana na Mt. Thoma wa Akwino mpaka unamwota. Kuna tabia yake moja ambayo ningependa kila kijana mwenye simu aifahamu. Katika Summa yake, kila swali anaanza na hoja za wapinzani, moja baada ya nyingine, na mara nyingi anazipanga vizuri kuliko wenyewe walivyozisema. Ndipo anajibu. Ukimwakilisha mpinzani wako kijinga ili umshinde kirahisi, umeshinda kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Na mwanzoni mwa Summa contra Gentiles anasema jambo ambalo lingetupunguzia nusu ya kelele: ukizungumza na Myahudi mnaweza kutumia Agano la Kale, kwa sababu wote mnalikubali, lakini Mwislamu hapokei mamlaka ya kitabu chako, basi inabidi mkutane kwenye akili ambayo Mungu amewapa wote. Sasa sisi tunamrushia mstari wa Yohane, yeye anaturudishia aya, tunashinda hapo mpaka alfajiri, na kila mmoja anaamka anajiona mshindi.

Nije kwenye dhambi, maana nilianza na kitubio. Amri ya nane, kutomshuhudia jirani uongo. Katekisimu namba 2477 inataja makosa matatu. La kwanza ni kumhukumu mtu haraka: kuamini ubaya wake bila msingi wa kutosha. "Huyu kalipwa." Umejuaje? Umeona muamala? La pili ni kutangaza makosa ya mtu kwa wasioyajua pasipo sababu ya haki, na hapa vijana wengi wanashtuka, kwa sababu makosa hayo ni ya kweli. Ndiyo, hata yakiwa kweli. Ile picha yake ya zamani uliyoichimba ili umkomeshe kwenye mjadala wa Katiba ipo hapa. La tatu ni kusingizia, hilo halina maelezo. Ukimwita mtu nyumbu kwa sababu ni mpinzani, au chawa kwa sababu ni wa chama tawala, umemtoa kwenye watu, na aliyetolewa kwenye watu ni rahisi kumfanyia lolote. Barabara ya Kilwa tumeshaona.

Namba inayofuata, 2478, inatutaka tuyapokee maneno ya mwenzetu kwa maana iliyo njema kwanza, kadiri inavyowezekana. Tusipoelewa, tumuulize anaelewaje. Akikosea, tumsahihishe kwa upendo. Ni kazi. Inachukua muda kuliko kutuma kikatuni cha kucheka.

Na akiwa mtu wa matusi tu? Soma Luka 9. Kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohane wakataka kuomba moto ushuke uwateketeze, na walikuwa na mfano wa Eliya kabisa, yaani Maandiko walikuwa nayo. Yesu akawakemea wao, sio wale Wasamaria. Halafu wakaenda kijiji kingine. Basi. Hakuacha neno la kuagia. Kwa hiyo kuondoka kwenye mjadala sio kushindwa, na kumfungia anayekutukana sio kukosa upendo. Nenda kijiji kingine, tena mapema, kabla moto haujakushika wewe.

Yohane huyo huyo tunamwona tena katika Matendo sura ya nane. Wasamaria wamelipokea neno, na mitume wanawatuma Petro na Yohane waende kwao. Yohane anawawekea mikono, wanampokea Roho Mtakatifu. Mikono ile ile, juu ya vichwa vya watu wa taifa ambalo zamani aliliombea moto. Sijui kama alikipita kile kijiji njiani. Ningependa kujua.

Limebaki moja, la kiutendaji, na mapadre huwa wanaliuliza kitubioni. Ukishamsingizia mtu, kufuta posti hakutoshi. Katekisimu namba 2487 inasema wazi kwamba anayekosa dhidi ya haki na ukweli anabaki na wajibu wa kufidia, hata kama ameshasamehewa. Kama ulimwandika kwenye grupu la watu mia mbili, marekebisho yanaandikwa kwenye grupu hilo hilo, sio kwa kumfuata pembeni kimyakimya ambako hakuna anayeona. Taja ulichosema, sema hakikuwa kweli, usiongeze "lakini na yeye". Kama humjui jina lake halisi, tumia hilo la akaunti. Anasoma.