Mtoto Aliyefundishwa Nyumbani, na Mtihani Ulio Mlangoni

Katika parokia zetu za Kongo wako watoto wasiopata kukaa shuleni. Wengine walikimbia vita pamoja na wazazi wao. Wengine waliugua miaka mingi. Wengine wazazi hawakuweza kulipa. Lakini si wote waliobaki bila elimu. Pengine baba ni mwalimu wa zamani, ao mama alisoma kwa Masista, na kila asubuhi anamkalisha mtoto mezani, anamfundisha hesabu, Kifaransa na historia. Sasa mtoto huyo ana miaka 16 ao 17, na Mtihani wa Serikali uko mlangoni. Wazazi wanajiuliza: tumpeleke shuleni sasa, ao tumshike nyumbani mpaka siku ya mtihani?

Wengi wanazani kwamba hilo ni shauri la feza na la mipango tu. Sivyo. Ni shauri la zamiri, maana ndani yake mna maswali matatu: mtoto ni wa nani? Wakati ufaao ni upi? Tena, ni ruhusa kusema uongo kidogo ili mtoto asonge mbele?

Swali la kwanza. Papa Pio XI katika mwaka 1929, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika mwaka 1965, walifundisha wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Hata Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwalea watoto. Basi aliyemfundisha mwanawe mezani hakuiba kazi ya mtu. Alifanya kazi aliyopewa na Mungu.

Lakini mlezi wa kwanza si mlezi wa peke yake. Mtaguso uleule unasema kwamba wazazi wanahitaji msaada wa watu wengine, na shule ni msaada mkubwa. Tutazame Nazareti. Yezu alilelewa katika nyumba ya Maria na Yozefu. Lakini alipokuwa na miaka 12 walimkuta hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Wazazi wake walikuwa wamemtafuta kwa uchungu. Uchungu wa kumwona mtoto mbele ya walimu wengine si dalili ya kwamba nyumba imeshindwa. Mtoto ni amana. Mwenye kupewa amana haifungi sandukuni milele.

Swali la pili ni la wakati. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, aliyezaliwa Ufaransa katika mwaka 1873, alifundishwa kwanza nyumbani na dada zake. Katika Oktoba 1881, akiwa na miaka 8, alipelekwa katika shule ya Masista Wabenedikto kule Lisieux. Kwa kuwa alijua mengi, aliwekwa pamoja na wasichana waliompita kwa umri. Mmoja wao alimwonea wivu na kumtesa. Baadaye Tereza aliandika kwamba miaka mitano ya shule hiyo ilikuwa ya huzuni kuliko yote ya maisha yake. Katika mwaka 1886, afya yake ikiwa imezoofika, baba yake alimtoa, akamtafutia mwalimu wa peke yake. Akili ya mtoto huyo haikupungukiwa. Kilichopungua ni mazoea ya kukaa kati ya wengi. Kichwa kinaweza kuwa tayari kwa darasa ambalo moyo haujawa tayari kwake.

Sasa tufikiri juu ya Mtihani wa Serikali, ambao Kongo inaufanya tangu mwaka 1967. Hauanzi na zile siku nne za kuchagua majibu. Mbele yake kuna insha ya Kifaransa, kuna kusema kwa mdomo, na kazi za mikono mbele ya wapimaji. Mtoto aliyejibu maswali ya mama yake tu, atafungua kinywa namna gani mbele ya wageni? Kwa hiyo kumwingiza shuleni miezi mitatu kabla ya mtihani ni kumtafutia mlango, si kumtafutia shule. Afazali aingie mwanzoni mwa humanite, ao angalau miaka miwili kabla. Tena aulizwe mwenyewe, maana mwenye miaka 16 ana zamiri yake.

Swali la tatu ndilo zito. Prefe wa masomo anaomba buleteni za miaka iliyopita. Buleteni hakuna. Ndipo anakuja mtu anayenong’ona: «Nipe feza kidogo, nitakuletea buleteni zenye muhuri.» Na mzazi anajitetea: «Elimu ya mtoto wangu ni ya kweli, karatasi tu ndiyo ya uongo. Namuibia nani?»

Tumjibu hivi. Buleteni haisemi tu: mtoto huyu anajua. Inasema: mtoto huyu alikaa kwetu mwaka huu, nasi tulimpima. Huo ni ushuhuda, na amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo. Tena mtoto anaona. Kwa miaka mingi baba alimfundisha kwamba jibu la hesabu haligeuki kwa sababu tunapenda ligeuke. Je, somo la mwisho la meza ile liwe kwamba ukweli unauzwa? Na diploma iliyojengwa juu ya karatasi hiyo, mwenye kuishika ataogopa kila siku itakapochunguzwa.

«Lakini atapoteza mwaka!» Ni kweli, pengine atapoteza mwaka, ao miwili, na kukaa na wadogo zake kwa haya. Hatusemi kwamba ni jambo jepesi. Ila mwaka uliopotea hurudishwa kwa bidii. Uaminifu uliouzwa haurudi kwa urahisi. Tena njia za haki ziko. Prefe aombwe ampime mtoto kweli na kusema ni darasa gani linalomfaa. Na Serikali inawapokea katika mtihani hata wale waliojifundisha wenyewe, wanaoitwa otodidakti, wakitimiza masharti.

Ninyi wazazi, msingoje mwaka wa mwisho. Ninyi walimu wa shule zetu za kikatoliki, msimcheke mtoto anayekuja bila buleteni. Mpokeeni na kumpima kwa haki, maana mkimfungia mlango wa kweli, mnamsukuma kwenye mlango wa uongo. Nawe kijana, ukiingia darasani kwa kuchelewa, ingia bila haya. Mtu haulizwi mbele ya Mungu alimaliza shule akiwa na miaka mingapi, bali kama alitembea katika ukweli.