Ini la Ndugu

Kijiweni kwetu Upanga tulibishana mpaka kahawa ikapoa: hivi mlevi anastahili kupewa ini la ndugu yake?

Ndugu msomaji, jambo hili haliko mbali. Hapo Muhimbili, tangu mwaka 2017, watu wamepandikizwa figo walizopewa na ndugu zao. Ini nalo hukatwa kipande kwa mtu aliye hai: Chicago, mwaka 1989, mama alimpa mwanawe. Ini la mtoaji hukua tena, ila kisu ni kisu; wapo waliokufa wakitoa.

Siku hizi kuna kipimo cha damu, PEth, kinachonasa pombe iliyonywewa hata wiki kadhaa nyuma. Mgonjwa ataapa kaacha gongo, damu imuumbue.

"Basi anyimwe!" wakasema washikaji. Mimi nikakataa. Damu inaijua jana, kesho haiijui, na toba haina kipimo. Lakini aliyelazwa chini ya kisu kwa uongo hakutoa, ameibiwa.

Kaka yangu anakunywa. Siku akiniomba ini, naweza kumpa hata kama jana alilewa. Ila aniambie mwenyewe, nisingoje kuambiwa na maabara.