Njaa ya Hiari

Lugha yetu haikuichanganya njaa na saumu. Mtu aliyekosa chakula husemwa ana njaa. Mtu aliye na chakula akakiacha kwa ajili ya Mungu wake husemwa amefunga. Matumbo ya wawili hawa yaweza kuwa matupu sawasawa, na midomo yao kukauka sawasawa, lakini hapana mtu aliyelelewa vema ambaye angemtakia maskini saumu njema, wala kumpa pole ya ufukara mtu anayengoja adhana ya magharibi. Majina mawili yamewekwa kwa sababu mambo ni mawili.

Siku hizi limezuka jambo la tatu, nalo halijapata jina lake. Mtu ana chakula, hafungi kwa ibada, wala hakuagizwa na daktari. Lakini kwa siku saba, kumi au ishirini hatii kinywani kitu cha kutafunwa. Asubuhi hunywa maji ya machungwa, adhuhuri maji ya karoti, jioni maji ya tango na mchicha, kisha hulala. Shabaha yake ni kupunguza unene. Katika Nairobi sharubati hizi huuzwa zimekwisha tiwa katika chupa, na asiye na fedha za chupa hukamua ndimu nyumbani. Nataka, msomaji, tulipime jambo hili bila kulicheka. Wanaolifanya si wapumbavu, na wengine wao ni rika lako.

Kwanza tuyasikilize madai yenyewe. Husemwa kuwa mwili umejaa sumu, na kwamba maji ya matunda huiosha. Dai hili lilienea sana kwa mkono wa Mmarekani mmoja, Stanley Burroughs, aliyetoa kitabu chake mwaka 1976. Dawa yake ilikuwa maji, ndimu, pilipili na utomvu mtamu wa mti uitwao maple, na mtu aliagizwa anywe hayo tu kwa siku zisizopungua 10. Mtu huyu hakuwa daktari. Alimtibu kwa njia zake mgonjwa mwenye saratani ya damu, na mgonjwa akafa. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Kalifonia ilimwondolea hatia ya uuaji, lakini ikaiacha hatia ya kufanya uganga bila ya ruhusa. Walakini kinywaji chake hakikuzikwa na hukumu ile. Mwaka 2006 mwimbaji Beyoncé alipungua kwacho kwa ajili ya filamu ya Dreamgirls, na habari zake zikaenea duniani kote.

Ukweli ni kwamba kazi ya kuusafisha mwili imekwisha kabidhiwa wafanyakazi wasiolala. Figo zako mbili huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180 kwa siku, na karibu yote huyarudisha mwilini. Ini lako huvunja sumu usiku na mchana. Hawa hawangoji ndimu. Tena tunda likikamuliwa, makapi hutupwa, na katika makapi mna nyuzi zinazolisaidia tumbo. Kinachobaki ni maji na sukari, pamoja na vitamini kadhaa, na protini kidogo mno. Mtu ambaye angeridhika na chungwa moja akilitafuna hunywa matatu kwa pumzi nne, asijue kuwa amekula.

Lakini uzito hupungua, nawe utaniuliza kwa nini. Hupungua kweli, na upesi. Ini na misuli huweka akiba ya sukari, na akiba hiyo hushikana na maji yaliyo mara tatu au nne ya uzito wake. Chakula kikipunguzwa, akiba hutumika na maji hutoka, na mizani hushuka siku za kwanza kwa namna ya kufurahisha. Baadaye mwili huanza kula mafuta yake, na kwa kukosa protini hula misuli yake vilevile. Siku mtu anaporudi mezani, akiba hujazwa, na maji hurudi pamoja nayo. Mizani haikusema uongo. Iliulizwa swali lisilo lake.

Hayo ni mambo ya sayansi, na mwalimu wako wa biolojia aweza kuyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nina swali jingine, nalo ni hili: njaa anayojitia mtu kwa hiari yake ni adili au si adili? Mnywaji wa sharubati hujivuna kuwa anajitawala. Husema, "Wengine hushindwa na sahani ya chapati, mimi nimeishinda." Neno hili si dogo. Tangu zamani watu wa dini zote na wenye hekima wamemsifu mtu anayelitawala tumbo lake. Je, na huyu tumsifu?

Nitaleta njaa tatu za hiari mbele yako, ili uzilinganishe na hii.

Katika vita vya pili vya dunia walikuwako Marekani vijana waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao. Wanaume 36 miongoni mwao walijitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya mtaalamu Ancel Keys, washindishwe na njaa kwa miezi sita ya mwaka 1945, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakikonda kwa vita. Hawakunyimwa chakula chote. Walipewa mkate, viazi na mboga, kalori 1,570 hivi kwa siku. Na wanywao maji ya matunda peke yake aghalabu hawazifikii hizo. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lililowashangaza wataalamu ni nyoyo zao. Vijana wale wapole, wenye elimu, walikuwa wakali na wenye huzuni. Waliacha mizaha, waliacha kusoma, wakawa wanaramba sahani na kukusanya vitabu vya mapishi kama wengine wakusanyavyo stempu. Chakula ambacho hawakula kilikuwa kimewala fikira.

Njaa ya pili ni ya Gandhi. Februari 1943, akiwa mfungwa wa Waingereza mjini Pune naye ana miaka 73, alifunga siku 21 kupinga maneno ya serikali iliyomtwika lawama ya machafuko. Alikunywa maji yaliyotiwa maji ya ndimu tamu. Angalia, msomaji: ni kinywaji kile kile, au karibu yake, ambacho leo huuzwa kupunguza kiuno.

Ya tatu ilikuwa hapa petu. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walianza kugoma kula katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi askari waliwatawanya kwa marungu na moshi wa kutoa machozi; baadhi ya mama wale walivua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo katika mila zetu ni laana. Wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa. Kufikia mwaka 1993 wana wao walikuwa wamefunguliwa.

Katika njaa hizi tatu mwili uliumia, pengine zaidi ya mwili wa mnywaji wa sharubati. Basi si maumivu yanayozipa thamani. Kila moja ilikuwa na mtu mwingine ng'ambo yake: mwenye njaa wa Ulaya, taifa lililotawaliwa, mwana aliye gerezani. Mwili ulitolewa kama mtu atoavyo mali kumkomboa ndugu. Na mwenye kufunga kwa ibada naye ana shahidi wake asiyeonekana. Aweza kuingia chumbani, akafunga mlango, akanywa maji, na hapana mwanadamu atakayejua, hanywi. Hapo ndipo ulipo utawala wa nafsi.

Sasa mpe mnywaji wa sharubati jaribio hilo hilo, kwa upande wa pili. Mwambie ataishi mwaka mzima kisiwani, bila ya kioo, bila ya picha, bila ya jicho la mtu. Je, ataendelea? Akisema ndiyo, kwa kuwa magoti yanamwuma au daktari amemwonya juu ya sukari, basi ana sababu ya haki, na nitarudi kwake. Akisema hapana, basi hatuna budi kuuliza ni nani aliyekuwa akimtawala. Mtumwa naye huamka mapema na kustahimili mengi, wala hatusemi anajitawala.

Na macho hayo yanayotawala hayana hata msimamo. Bibi zetu walipokutana na mtu aliyenenepa walimpongeza: amenawiri, mambo yake mazuri. Aliyepungua aliulizwa kwa huruma, "Mbona umekonda, una nini?" Salamu hizo bado zipo katika nyumba nyingi. Leo msichana yule yule mwenye mwili ule ule hupongezwa na nyanya yake Jumapili na kuchekwa na wenzake Jumatatu. Akimtii nyanya atakula. Akiwatii wenzake atashinda na ndimu. Na katika hali zote mbili hajaulizwa yeye.

Nimewahi kufundisha darasa lililokuwa na msichana wa namna hiyo, katika kidato cha tatu. Aliacha ugali na maharagwe ya shule, akaishi kwa maji ya ndimu na sukari aliyoficha sandukuni. Siku ya tano alikuwa akisoma mstari mmoja mara tatu. Wenzake walimsifu kwa wembamba mpya, na sifa zile nadhani zilimdhuru kuliko dhihaka za kwanza, kwa kuwa zilimpa sababu ya kuendelea. Wanaosifu na wanaocheka huwa ni watu wale wale, na sehemu yao ya lawama haiandikwi popote.

Kisa kilichojulikana kuliko vyote ni cha Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani. Mwaka 1988 alikaa miezi minne bila ya chakula kigumu, kwa vinywaji tu. Mwezi wa Novemba alitokea mbele ya watazamaji akiwa mwembamba, akivuta kigari chekundu kilichojaa mafuta ya wanyama, ratili 67, yaani kilo 30 hivi, ili waone alichokitua. Watu walishangilia. Aliporudi kula, uzito ulianza kurudi mara moja, na miaka mingi iliyofuata alipanda na kushuka machoni pa dunia nzima. Mwaka 2024 alisema hadharani kuwa siku ile aliwawekea watazamaji kipimo ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukishika, wala mtu mwingine yeyote. Mimi humheshimu kwa neno hilo. Lakini fikiri juu ya kigari. Mtu alichukua sehemu ya mwili wake, iliyomhifadhi na kumtia joto, akaiburuta kama mwizi aliyekamatwa sokoni.

Yuko atakayenishitaki kuwa nazungumza kama mtu aliyeshiba. Atasema kuwa unene uliozidi huleta maradhi ya sukari na ya moyo, na kwamba mwalimu asiwafundishe vijana kuridhika na ugonjwa. Asema kweli. Tena ana ushahidi mzuri kuliko anavyodhani. Mwaka 2017 madaktari wa Uskoti na Uingereza walitoa habari za wagonjwa wa sukari waliopewa vinywaji vilivyotengenezwa kwa vipimo, vyenye protini na madini, kalori 850 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao walikuwa hawana tena dalili za ugonjwa ule katika damu, bila ya dawa. Kwa hiyo siwezi kusema kuwa kuacha kutafuna ni dhambi, wala kwamba kinywaji ni adui. Ndimu ya Gandhi na chupa ya Uskoti na chupa ya dukani zote ni maji. Zinachotofautiana ni kile zinachotumikia, na ni nani anayekesha karibu na mnywaji. Kinywaji cha namna hiyo kikikosa msimamizi ni hatari: Marekani, katika miaka ya 1977 na 1978, makumi ya watu walikufa, wengi wao kwa kushindwa moyo, walipokuwa wakiishi kwa protini ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi na mishipa ya wanyama. Wengi walikuwa wanawake, tena si wazee.

Kuna jambo moja tena, nami nalitaja kwa kusita, maana sipendi kumtupia mtu mwenye huzuni yake huzuni za wengine. Mwaka 2022 ukame uliwaacha watu zaidi ya milioni 4 wa kaunti zetu kavu, Turkana, Marsabit, Mandera na nyinginezo, bila ya chakula cha kutosha. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, walisema wazee. Sidai kuwa msichana wa Nairobi akila chapati mtoto wa Marsabit atashiba. Hesabu haiendi hivyo. Nasema tu kwamba mtoto yule, akiletwa mbele ya rafu ya chupa na kuelezwa kuwa zinauzwa ili mtu aonje njaa kwa bei, angetaka aelezwe mara ya pili.

Sasa nirudi kwa yule mwenye magoti yanayouma. Wagonjwa wa Uskoti hawakuachwa walipomaliza miezi ya chupa. Sehemu ndefu ya kazi ndiyo ilikuwa ikianza. Kwa majuma kadhaa walirudishwa chakulani kidogo kidogo, mlo mmoja kwanza, kisha wa pili, na wauguzi waliendelea kuonana nao mwezi baada ya mwezi. Walikuwa watu wazima, wengine wamekaribia kustaafu, nao walikuwa wakifundishwa upya namna ya kuketi mezani na kula.